Sema "Sawa": Mwongozo wa Anayekwenda Saluni ya Kucha kwa Mara ya Kwanza

Hongera. Umefika umri huu ukikata kucha kwa wembe ukiwa umekaa kizingitini, ukizipaka rangi usiku wa kuamkia harusi ya ndugu na kuiacha ibanduke yenyewe hadi harusi nyingine, na bado watu walikusalimia kwa mkono. Sasa kamati imepanga sendofu, sare imeshashonwa, na mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp ameandika kwamba safari hii tupendeze hadi kwenye kucha. Hakukutaja jina, lakini ujumbe umefika.

Huu ndio mwongozo wako. Si lazima ujue lolote kuhusu kucha. Unachotakiwa kuwa nacho ni neno moja, "sawa", na moyo wa kulitoa bila uchoyo. Ukiulizwa jambo, jibu sawa. Usiposikia kwa sababu ya muziki, jibu sawa. Ukiumia, jibu "sawa tu, endelea". Mtu aliyelelewa vizuri hasumbui watu kwa maswali, na biashara ya kucha mjini inaishi kwa malezi hayo mazuri.

PA KWENDA, NA SIKU YA KWENDA

Dar es Salaam inakupa njia tatu. Ya kwanza ni kijana wa kikapu, yule anayepita mtaa kwa mtaa na chupa zake za rangi, beseni, brashi na jiwe la kusugulia. Anakufuata hadi barazani, anakaa kwenye kigoda, anakuosha miguu na kukupaka rangi kwa bei isiyoumiza. Tatizo ni watazamaji. Mtaa mzima utaiona hali ya visigino vyako, na wanaume wa kijiweni watafungua tena ule mjadala wao usiozeeka: hivi ni sawa kijana wa watu kumshika mke wa mtu mguu mchana kweupe? Mjadala huo umeshapita redioni na kwenye vikao vya familia, na muda wote huo wake za watu wameendelea kunyoosha miguu.

Ya pili ni saluni ya kwenye maduka makubwa, yenye kiyoyozi na kiti kinachokukanda mgongo. Utapewa maji ya kunywa. Ukiiona bili utatamani ungekuja na maji ya kwako.

Ya tatu ni fremu: chumba kimoja Sinza, Kinondoni au Tabata, nywele zinasukwa upande huu, kucha zinabandikwa upande ule, na runinga ukutani inaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwongozo huu ni wa fremu. Ndiko wengi wetu tunakokwenda, na ndiko utakakomkuta fundi mwenye mkono wa ajabu akitumia tupa ambayo imeshapita kwa nusu ya wilaya.

Nenda mkesha wa Idi, au Jumamosi ya mwisho wa mwezi, au siku yenyewe ya sendofu saa nane mchana. Mtu anayekwenda Jumanne asubuhi anahudumiwa na fundi ambaye hajachoka, vifaa vyake bado visafi, na muda wa kumsikiliza anao. Huyo atakuwa na nini cha kusimulia? Ukipiga simu kabla utaambiwa, "Njoo tu dada, nipo." Ukifika hayupo. Ukipiga tena, yuko Bamaga, anavuka barabara. Bamaga, kwa mujibu wa mafundi wa jiji hili, iko dakika tano kutoka popote, na kuivuka huchukua saa moja na nusu.

BEI

Usiulize bei. Kuuliza bei ni kujitangaza kwamba una kikomo. Ukutani kuna karatasi imeandikwa JELI SH 20,000, yatosha.

Karatasi hiyo haisemi uongo, ila inazungumzia kucha za mtu mwingine: mtu ambaye zake zimeshasafishwa, zina urefu wa kutosha, na anataka rangi moja isiyo na kitu juu yake. Zako zitahitaji kusafishwa kwanza, 5,000. Ni fupi, kwa hiyo ziongezwe tipsi, 10,000. Zichorwe ua kwenye vidole viwili vya kila mkono, 1,000 kila kidole. Kisha fundi atasogea nyuma, atatazama, ataona ua peke yake limepwaya, na atashauri vijiwe vya kung'aa, 3,000. Usije ukasema ulionewa. Uliulizwa yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya upole, "Nikuwekee na vijiwe, dada?", nawe ukajibu kwa lile neno letu. Jumla Sh 42,000, na nauli ya kurudi imo humo humo.

Mtu asiye na haya angesema tangu mlangoni: "Nina elfu ishirini. Utanifanyia nini?" Angejibiwa wazi, na angetoka na kucha nzuri tu. Lakini huyo ndiye anayekumbukwa saluni miezi mitatu baadaye kwa jina la yule dada wa elfu ishirini, na wewe hutaki kukumbukwa hivyo. Wewe utakumbukwa kwa ukarimu.

ITATOKA

Fungua Instagram utafute picha ya kumwonyesha fundi. Chagua mkono wenye vidole virefu vyembamba, ambao haujawahi kukuna nazi, uliopigwa picha ukiwa umeshika usukani wa gari. Fundi ataitazama picha, ataitazama mikono yako, atanyamaza kidogo, kisha atasema: "Itatoka."

Usimhoji. Fundi cherehani alisema hivyo hivyo kuhusu gauni lako la mwaka jana, na fundi seremala alisema hivyo kuhusu kabati ambalo milango yake haifungi hadi leo. Fundi wa Bongo hajawahi kushindwa kwa maneno.

Kisha utaulizwa unataka nini hasa. Rangi ya kawaida, ile ambayo mama zetu waliiita Cutex hata chupa iwe ya kampuni gani, hukauka kwa hewa na hudumu siku chache ukiwa mtu wa kufua. Jeli haikauki kwa hewa hata kidogo. Hugandishwa kwa mwanga wa taa, na ikishaganda hukaa wiki mbili au tatu. Akriliki ni poda na kimiminika, vinachanganywa kwa brashi, vinaumbwa juu ya ukucha na kujigandia vyenyewe. Harufu yake itakufikia ukiwa bado nje. Ni harufu ya kwa daktari wa meno, na kuna sababu: mwaka 1954 daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha akiwa kazini, akajiundia wa muda kwa akriliki ya meno. Wanawake wa dunia nzima wanaendelea kulipia ajali hiyo.

Chupa ya kimiminika ikiwa haina lebo, heshimu faragha yake. Kuna cha bei rahisi kiitwacho MMA ambacho hukamata ukucha kwa nguvu mno, kiasi kwamba ukijigonga mlangoni, ule wa bandia unabaki salama na ukucha wako wa asili ndio unaong'oka. Marekani walianza kukiandama tangu miaka ya 1970. Fundi anayejiheshimu atakuonyesha chupa ukimwomba. Lakini tumeshakubaliana, hatuombi.

Umbo: skwea, almondi, stileto au kofini. Mgeni achukue kofini ndefu kuliko zote. Fupi za mviringo zinadumu, hazikwaruzi mtoto na zinampendeza karibu kila mtu, kwa hiyo utapitaje nazo bila kuulizwa kama kweli ulikwenda saluni?

LEGEZA MKONO

Ukishakaa, fundi atauchukua mkono wako, na hapo utagundua kwamba hujui kukaa na mkono. Utaukaza. Ataugeuza kidogo kushoto, nawe utamsaidia kuugeuza zaidi. Atainua kidole cha pete, vingine vinne vitanyanyuka pamoja nacho kwa heshima. "Legeza," atasema. Utasema umelegeza. Atauachia ili akuonyeshe, na mkono utabaki umesimama hewani peke yake, wote wawili mkiutazama. "Legeza, dada." Hakuna maneno utakayoyasikia mara nyingi zaidi siku hiyo. Mwanamke aliyezoea kufua, kusonga, kubeba na kufunga mtoto mgongoni hajawahi kupewa kazi ya kuuacha mkono wake ukae bure mikononi mwa mtu, na kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote humo ndani. Wazoefu utawatambua kwa hilo: wameiweka mikono mezani wakaisahau, kana kwamba wameiacha kwa fundi na wataipitia jioni.

Fundi mwenyewe mara nyingi ni kijana wa kiume. Atakuita dada hata kama una umri wa mama yake. Akikuita mama, badilisha rangi uliyochagua.

Sasa litakuja bakuli la maji ya uvuguvugu yenye shampuu na tone la Dettol. Loweka vidole. Ni starehe kubwa, na ni starehe inayoharibu kazi: ukucha hunywa maji na kutanuka, jeli ikipakwa juu yake wakati huo hubanduka mapema, maana ukucha hurudi kwenye hali yake na jeli hairudi nao. Ndiyo maana mafundi wazuri wa jeli hufanya kazi kwenye ukucha mkavu. Lakini maji ni ya uvuguvugu, na umetoka kwenye daladala ukiwa umesimama tangu Ubungo. Sawa.

Kisha vifaa. Kuna tupa ya msasa iliyolika katikati, kijiti cha chuma cha kusukumia ngozi, koleo dogo la kukatia, na brashi. Vimechomolewa kwenye bilauri yenye majimaji ambayo asubuhi huenda yalikuwa spiriti. Hapa ndipo adabu yako inapopimwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye alama ya damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Na fangasi wa kucha hawahitaji hata damu. Kile kisanduku chenye taa ya buluu kilichowekwa pembeni ya meza kinapendeza, ila hakitoshi. Chuma kinasafika kwa mvuke wa joto kali wenye shinikizo, ule wa hospitalini, au kwa uchache kisuguliwe kwa sabuni kisha kilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Tupa ya msasa haisafishiki. Ni ya mtu mmoja.

Basi ungeweza kuuliza, "Kaka, hivi umeviosha na nini?" Maneno matano. Lakini fundi anaweza kununa, wateja wawili wakageuka, na mtu mzima hawezi kuvuruga amani ya chumba kwa ajili ya ini lake. Kuna wanaokwenda na vifaa vyao kwenye kipochi, seti waliyonunua Kariakoo. Wakitoka husemwa kwamba wanajisikia. Wanasemwa wakiwa wazima.

Ukichanganya na kuoshwa miguu, utaletewa wembe wa kukwangua visigino. Wembe ufunguliwe karatasini ukiwa unaona. Hilo, naomba nivunje sheria ya mwongozo wangu mwenyewe, usilionee haya hata mbele ya mama mkwe.

"Nikutoe na hizi nyama?" Nyama anazozisema ni ule utando wa ngozi unaoziba shina la ukucha ili maji na vijidudu visipenye. Kazi yake ni hiyo, na inaifanya bure. Kuusukuma nyuma taratibu kunatosha kabisa. Ukikatwa panabaki upenyo, na siku mbili tatu baadaye kidole kinaweza kuvimba, kikatunga usaha na kupwita usiku kucha: mdudu wa kidole amehamia. Jibu la swali lake unalijua.

Mashine ya kusaga ikiwashwa itatoa vumbi jeupe. Fundi atapandisha barakoa yake. Yeye ana barakoa, wewe una pua. Mashine ikitulia mahali pamoja utahisi joto, na joto hilo maana yake ni kwamba kinachosagwa sasa ni chako. Mzoefu husema "kaka, inaunguza" bila hata kuacha kutazama tamthilia, na fundi husogeza mkono bila hata kukasirika. Mazungumzo yote hayo huchukua sekunde mbili. Wewe tabasamu.

MIKONO ISIYOKUWEPO

Kuanzia hapa huna mikono. Mmoja uko ndani ya taa, mwingine una rangi mbichi. Ndipo pua itakapowasha. Haijawahi kutokea pua isiwashe. Ndipo na simu itakapoita, na kwa kuwa wanawake wa saluni ni wema, dada anayesukwa pembeni yako ataipokea na kuiweka sauti kubwa ili usikie vizuri. Chumba kitanyamaza kwa adabu, tamthilia itapunguzwa sauti, na mumeo atauliza ile hela ya gesi ulisema umeiweka wapi.

Usijibu upesi. Sema mtandao unasumbua.

Maongezi ya humo yana utaratibu wake. Mteja akitoka, anazungumzwa. Hakuna ubaya, ni taarifa tu: ndoa yake, kiwanja chake cha Kigamboni, mtoto wake aliyerudia darasa, na shemeji anavyochelewa kurudi. Utasikiliza kwa raha mpaka ukumbuke kwamba na wewe una safari ya kutoka. Hii ndiyo sababu kuna wanawake waliomaliza kucha tangu saa tano asubuhi na saa kumi bado wamekaa, wakisema wanasubiri jua lipungue.

Taa yenyewe ina jambo ambalo hakuna atakayekwambia. Jeli inapoganda hutoa joto, na ikiwa imepakwa nene joto hilo huja ghafla, kali, chini ya ukucha, kwa sekunde chache. Mgeni huganda pamoja na jeli. Hukaza meno, hutazama runinga, hudondosha chozi moja ambalo watu watadhani ni la tamthilia. Kumbe unaruhusiwa kuchomoa mkono, kusubiri, na kuurudisha. Unaruhusiwa pia kuomba matabaka membamba. Na jeli iliyomwagikia ngozini ifutwe kabla mkono haujaingia kwenye taa, kwa kuwa jeli isiyoganda sawasawa ikigusana na ngozi mara kwa mara inaweza kukuzalia mzio wa maisha, na mzio huo ukaja kukusumbua siku ukienda kuziba jino, maana dawa za kuzibia ni za ukoo huo huo. Kwa habari ya mionzi, madaktari wa ngozi hushauri upake losheni ya kukinga jua kabla, au uvae glavu zilizokatwa ncha za vidole. Ukizivaa hizo glavu Sinza, tafadhali tupigie picha.

Umeme utakatika ukiwa umebakiza mkono mmoja. Jeli haikauki kwa kupulizwa, haikauki kwa kupepewa na kanga, na dua haijawahi kuisaidia. Utakaa na vidole vitano vilivyopendeza na vitano vinavyoteleza, huwezi kuondoka, huwezi kushika kitu, na sendofu inaanza saa kumi na mbili. Baadhi ya mafundi wana taa za kuchaji. Hilo nalo lilikuwa swali la kuuliza mlangoni.

Neno kwa wanaume mnaousoma mwongozo huu kwa kujificha. Kinyozini, baada ya kunyolewa, dada aliyekuosha uso kwa taulo la moto atakutazama mikono na kusema, "Kaka, na kucha tuzisafishe?" Nanyi huwa mnajibu sawa, kwa haraka kuliko sisi. Kisha mnarudi nyumbani mnanuka limau na kutuuliza sisi hela zetu zinakwenda wapi.

NYUMBANI

Umetoka. Umependeza, nisiseme uongo. Kwa muda utashika vitu usivyovihitaji ili mikono ionekane. Utawaelekeza njia watu wasiopotea. Bodaboda utamhesabia noti polepole, moja moja, naye atangoja.

Kisha maisha yatarejea. Hutafungua soda. Hutafunga hereni. Kitunguu swaumu utamwomba mtoto akumenyee. Ugali wa moto utaingia chini ya kucha na kukaa huko pamoja na kisamvu, hivyo mboga ya leo utakuwa nayo hadi kesho. Kwa wakala wa simu, unapotakiwa kuweka kidole kwenye mashine ya alama za vidole, kitagusa ukucha tu, kidole chenyewe kikiwa bado hewani. Utakilaza ubavu, utakigeuza, wakala atakupangusa kidole kwa shati lake, na foleni nyuma yako itaanza kutoa maoni kuhusu wanawake wa siku hizi.

Chooni. Mwongozo mwingine ungeruka hapa, wakati kila mtu akiona kucha ndefu hujiuliza kimoyomoyo: huyu anachambaje? Kwa tahadhari, kwa maji mengi, kwa nyama ya kidole na si kwa ncha. Wiki ya kwanza ni ya mafunzo. Tuendelee.

Ikiwa unasali sala tano, kumbuka kwamba rangi, jeli na kucha za bandia huzuia maji yasifike kwenye ukucha unapotawadha. Ndiyo maana wanawake wengi wa Pwani hupaka siku wasizosali kisha hutoa, na hina, ambayo hutia rangi bila kuweka tabaka, haijapoteza wateja wake. Akriliki ya wiki tatu haiingii kwenye hesabu ya siku saba. Bibi yako atakukumbusha na la ziada: ukifa nazo, waosha maiti watakuwa na kazi. Atalisema mbele ya wageni, huku amekushika hicho kidole.

Ikiwa una ndoto za siasa, Septemba 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge waliobandika kope na kucha kuingia bungeni Dodoma. Kope na kucha zenyewe hazikuonekana kutishika. Ziliendelea na shughuli zake kila mahali pengine nchini. Wauguzi nao wana marufuku ya zamani zaidi: mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unawakataza wanaogusa wagonjwa kuvaa kucha za bandia, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake na kunawa hakuviondoi. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa unayesubiri upasuaji, utaambiwa uzitoe, maana rangi nzito inaweza kukipotosha kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni.

KUTOA

Wiki ya tatu ukucha wako wa asili umekua milimita mbili hivi, pengo limeonekana chini ya jeli, na nywele zinanasa humo kila ukijikuna. Kutoa kwenyewe kuna njia yake: juu pasuguliwe kidogo, pamba yenye asetoni iwekwe, kidole kifungwe kwa karatasi ya foili, ukae dakika 10 hadi 15, kisha jeli isukumwe taratibu bila nguvu. Njia ya wengi ni meno, ndani ya daladala, kuanzia Mwenge hadi Posta, kidole kimoja kila kituo. Jeli ikibanduliwa kwa nguvu huondoka na matabaka ya ukucha wenyewe, na kinachobaki hukunjika hata ukisukuma kipande cha sabuni. Ukucha wa mkono huchukua miezi sita hivi kuota upya wote. Wa mguu, mwaka na zaidi.

Kwa hiyo utarudi kwa fundi, mikono ikiwa ndani ya mkoba. Ataitoa mwenyewe, atatazama kidole kimoja kimoja, atatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Zimechoka hizi, dada. Laini mno. Hizi zinataka kubandikiwa juu zipate nguvu." Kutoa za zamani, atakueleza, ni Sh 10,000, lakini ukibandika mpya, kutoa ni bure. Piga hesabu hiyo upesi, maana ameshavuta kiti, na anakwambia ulegeze mkono.